Kufunga waya meno: anayehamisha jino ni nani?

Wengi wakisikia mtu kafunga bresi wanajua waya ndiyo inalivuta jino mpaka likae sawa, kama unavyonyoosha msumari uliopinda. Siyo hivyo, waya inasukuma tu ila anayelihamisha jino ni mwili wenyewe, na ukielewa inavyoenda utajua kwa nini kazi inachukua mwaka na nusu mpaka miwili na wakati mwingine zaidi.

Jino halijagandana na mfupa wa taya. Kati yake kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi unaolishikilia, sasa ukilisukuma kidogo kidogo bila kuacha, upande linakoelekea mwili wenyewe unaula mfupa na upande linakotoka unajenga mfupa mpya. Yaani jino linahama na shimo lake. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi, na ukiongeza nguvu ndo unaharibu kabisa maana mzizi nao unaweza kuliwa ukabaki mfupi.

Vile vidude vinavyogandishwa juu ya jino ni vya kushikia waya tu. Waya za mwanzo nyingi ni za nikeli na titani, ukiipindisha inataka kurudi kwenye umbo lake na kule kurudi ndo kunasukuma meno.

Mdogo wangu chonge lake la juu lilitokea juu kabisa kwenye ufizi, akawa anacheka kafunika mdomo. Alipokuwa mdogo gego lake la utoto liling'olewa mapema kwa kuoza, meno ya jirani yakasogea yakaziba nafasi, chonge lilivyokuja likakosa pa kupita. Ndo maana naumia nikisikia mzazi anasema ya utoto yaache yaoze si yatang'oka tu, jamani yale ndo yanayatunzia nafasi meno ya ukubwani! Siku tatu za kwanza baada ya kufungwa alikuwa anakunywa uji, hata ndizi ya kuiva anaitafuna kwa machozi, baadae ikatulia.

Kama shida ni taya yenyewe, mfano ya chini imetangulia mbele, waya peke yake mara nyingi haitoshi. Mtoto anayekua kuna vifaa vya kusaidia kuongoza ukuaji wa taya kwahiyo akifika miaka 7 hivi mpeleke aangaliwe, ila mtu mzima anaweza kuhitaji opresheni na hiyo inasubiri mpaka taya ziache kukua.

Waya zikitoka kuna riteina, yaani kifaa cha kuvaa kinachoshikilia meno yasirudi yalikotoka, usiidharau. Mfupa mpya bado mlaini na zile nyuzi zinavuta jino kurudi lilikotoka, ukiiacha droo miezi michache meno yanaanza kupandana tena na hela yote imeenda.

Mwanya nao siyo ugonjwa, kwetu ni urembo, kama unaupenda baki nao. Ila kama unataka kuuziba TAFADHALI usijifunge raba meno mawili ya mbele kama wanavyoonyesha kwenye video. Jino limechongoka kuelekea kwenye mzizi, raba inateleza inaingia ndani ya ufizi huioni tena, inakula mfupa kimya kimya mpaka meno mazima kabisa yanalegea. Kama ulishaiweka na leo huioni, usiseme imeanguka yenyewe, nenda kwa daktari wa meno leo leo na umwambie ukweli kwamba uliweka raba ili ajue anatafuta nini.