Apdeti ya Windows ikigoma: kabla hujakubali kupigiwa windo upya

Kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, peleka kwa fundi kompyuta iliyogoma kumaliza apdeti na mara nyingi utajibiwa, "Hii tupige windo tu," yaani diski ifutwe na Windows iwekwe upya. Kwa mwalimu mwenye mitihani ya muhula mzima, au dada wa steshenari mwenye kazi za wateja, jibu hilo linaweza kumgharimu kuliko tatizo lenyewe.

Dhana: apdeti ikifeli, mfumo umekufa

Kwa kawaida Windows ikishindwa kufunga apdeti hujirudisha yenyewe ilikokuwa, na kompyuta huendelea na kazi. Hasara huja diski C inapofomatiwa, yaani kufutwa yote, ili kupiga windo. Ulivyoweka kwenye desktopu, nyaraka zako na vyote ulivyopakua vinakaa humo humo, ndani ya folda ya Users. Wengi huamini kilicho kwenye desktopu kiko salama mahali pengine. Hakiko.

Anza na namba ya kosa. Ingia kwenye mipangilio ya Windows Update, fungua historia, isome. Ukikuta 0x80070070, diski imejaa: hamishia video kwenye diski ya nje, futa faili za muda, jaribu tena. Hilo halihitaji fundi.

Nafasi ikiwepo, tazama mzigo uliopakuliwa. Windows huuweka C:\Windows\SoftwareDistribution, na ukiharibika kila jaribio litafeli vilevile. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator), andika net stop wuauserv, kisha net stop bits. Badilisha jina la folda hiyo, halafu washa huduma zote mbili kwa net start. Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Historia ya apdeti itaonekana tupu, lakini faili zako hazimo humo, hivyo haziguswi.

Bado inagoma? Andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri imalize, kisha sfc /scannow. Usigeuze mpangilio. DISM hukarabati ghala la faili za mfumo, na sfc huchota faili nzima kutoka ghala hilo. Ghala likiwa bovu, sfc haina pa kuchota. Acha intaneti imewashwa, kwa sababu DISM huchukua mbadala kutoka Windows Update.

Hayo yote yakishindikana, tumia flashi ya GB 8 au zaidi yenye toleo lilelile la Windows. Usiwashe kompyuta kupitia flashi. Ukiwa ndani ya Windows, ifungue, bofya setup, chagua kubakiza faili na programu zako. Mfumo unawekwa upya na kazi zako zinabaki. Fundi anayekuruka hatua hii na kukimbilia kufomati hakutendei haki, hata kama bei yake ni nafuu.

Dhana: asilimia zikiganda, zima kwa kitufe

Asilimia zinaweza kusimama muda mrefu huku kazi ikiendelea, hasa kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka. Tazama taa ya diski, ikipepesa, iache. Chomeka chaja kabla hujaanza, na kama ni kompyuta ya mezani, iwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Msimu wa mvua na radi Tukuyu au Rungwe yote, usianzishe apdeti kubwa wingu likiwa limeshatanda.

Umeme ukikatika na kompyuta ikashindwa kuwaka, bado si mwisho. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows hufungua yenyewe skrini ya ukarabati, ambapo unaweza kuondoa apdeti ya mwisho. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows yenyewe, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Uandike leo, uuweke mbali na kompyuta.

Dhana: ikifeli kila mara, ni virusi

Mara nyingi sivyo. Januari 2024 Microsoft yenyewe ilitoa apdeti, KB5034441, iliyofeli kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, kwa sababu tu sehemu ya diski iliyotengwa kwa ukarabati ilikuwa ndogo mno. Kwenye kompyuta za zamani, angalia pia tarehe. Ikirudi miaka ya nyuma kila unapochomoa waya, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Tarehe ikikosewa, mawasiliano salama na seva hukataliwa. Ni jambo la kuangaliwa kwanza kwenye maabara za shule zenye kompyuta za msaada.

Dhana: apdeti inakula bando, heri kuizima kabisa

Bando ni hoja halali. Lakini mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha walikuwa na kinga. Badala ya kuzima, weka alama kwenye mtandao wa simu yako kuwa unalipiwa kwa kiasi (metered connection). Apdeti nyingi hazitajipakua hadi uruhusu. Ofisini au shuleni, ruhusu kompyuta zigawane apdeti kwenye mtandao wa ndani. Unaweza pia kupakua faili moja kutoka katalogi ya Microsoft Update na kulizungusha kwa flashi kwenye mashine zenye toleo hilohilo.

Dhana: Windows 10 imeacha kusasisha, imeharibika

Haijaharibika. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi upo mpango wa ziada wa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, na lazima ujiandikishe. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Laptopu nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka nje hukwama kwenye TPM au prosesa, kwa hiyo kabla hujalipa pesa dukani, iwashe, andika tpm.msc, usome toleo.