Ugoro nao ni tumbaku

Bibi aliyekuja kliniki yetu ya kinywa na meno alikuwa na kidonda kwenye ufizi wa chini, mbele, kisichouma. Nikamuuliza kama fomu inavyotaka: "Bibi, unavuta sigara?" Akacheka. "Sigara, mjukuu wangu? Tangu nizaliwe sijaigusa." Nikaandika hapana. Aliposimama kujifunga vizuri, kifuko cha nailoni kikadondoka kutoka kwenye pindo la kanga. Ugoro.

Kosa lilikuwa langu. Kwake tumbaku ni sigara, na ugoro ni ugoro tu: wa kutuliza kichwa, wa kuondoa baridi, wa kichefuchefu cha mimba, wa kusogeza siku shambani. Si yeye peke yake anayefikiri hivyo.

Sasa tuuangalie wenyewe. Majani makavu ya tumbaku husagwa, kisha hutiwa magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Muuzaji atakwambia magadi yanaufanya uwe mkali, na hadanganyi. Magadi huua ukali wa asidi, na asidi ikipungua nikotini hupenya ngozi laini ya mdomo upesi na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana anayebwia kwa mara ya kwanza hushikwa na kizunguzungu, akatoka jasho na pengine kutapika. Aliyezoea naye akiamka bila kifuko chake, nyumba nzima inajua.

Nikotini kazi yake ni kumfunga mtu asiweze kuacha. Zinazoleta saratani hasa ni nitrosamini, kemikali zinazojitengeneza wakati tumbaku inakaushwa, inavundikwa na kuwekwa. Hazihitaji moto wala moshi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka tumbaku isiyo na moshi katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu: ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Kuberi na gutka, tumbaku za pakiti za kuweka mdomoni au kutafuna, zimo humo humo, hata zikitiwa iliki na kupakiwa kwa rangi za peremende.

Mjamzito anayebwia ili kuzuia kichefuchefu anajiweka kwenye hatari ya kujifungua mtoto njiti, mwenye uzito mdogo, au aliyefia tumboni.

Chukua kioo, simama penye mwanga, vuta mdomo wa chini. Pale tonge la ugoro linapokaa kila siku, ngozi huwa nyeupe na kujikunja kama ya kidole kilicholowa. Ukiacha mapema, mara nyingi doa hilo hupungua lenyewe. Lakini kidonda, doa jeupe au jekundu, ama uvimbe uliopita wiki 2 bila kuondoka, njoo uonwe. Tutakata kinyama kidogo kwa ganzi, kipelekwe maabara. Usisubiri maumivu, maana saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi, na wengi hutufikia wakiwa wameshindwa hata kumeza uji.

Kuacha si rahisi. Siku 3 za mwanzo ndizo mbaya zaidi: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mikono isiyotulia. Baada ya wiki chache hali hutulia.

Bibi sasa anatafuna karafuu. Asubuhi anaweza, anasema. Jioni, wenzake wakikaa barazani na vifuko vyao, ndipo kazi ilipo.