“Saratani ya Waafrika” na Kipande cha Nyama Kilichochelewa Fomalini

Nimesikia tena hapa Mwanza, safari hii kutoka kwa kijana msomi aliyemsindikiza mama yake kliniki, kwamba saratani ya titi ya mwanamke Mwafrika ni kali kwa asili na kwamba vidonge vya homoni ni vya Wazungu. Mtu akiamini hivyo humwachisha mama yake tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni ya estrojeni isichochee uvimbe, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tofauti zipo, wala sizikatai. Mabadiliko ya EGFR, jeni inayoamrisha seli zikue, huonekana katika karibu nusu ya adenokasinoma (saratani za seli za tezi) za mapafu za watu wa Asia ya Mashariki, na kwa Wazungu ni asilimia 10 hadi 15 hivi. Ninachokataa ni kuifanya rangi ya ngozi kuwa chanzo, ilhali Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote. Huko Marekani wanawake weusi hupata saratani ya titi hasi-tatu, yaani isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2, ambayo vidonge vya homoni haviisaidii, takriban mara mbili ya weupe, lakini asili yao kubwa ni Afrika Magharibi; walipopimwa wanawake wa Ghana na wa Ethiopia, wale wa Ghana waliizidi Ethiopia kwa mbali sana, na wote ni weusi.

Kandokando ya ziwa letu tuna ushahidi mwingine. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto, hubeba jeni ile ile ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, iliyohama kutoka kromosomu ya 8, iwe Sengerema au Ulaya. Hapa karibu kila uvimbe una virusi vya Epstein-Barr, na malaria huchangia. Kwingine virusi hivyo ni vya wachache. Vinasaba vya uvimbe huo viliposomwa kikamilifu, mabadiliko yake yalifuata kuwapo kwa virusi kuliko nchi ya mtoto.

Sasa nifike kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi kipande cha uvimbe kinachopelekwa kupimwa, ambayo wanaorudia ule usemi hawaitaji kamwe. Vipokezi vya estrojeni, ambavyo bila hivyo tamoksifeni haina kazi, ni protini, na protini huanza kuharibika tangu nyama inapokatwa. Inatakiwa iingie katika fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali inayoizuia isiwe tindikali) ndani ya saa 1, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Kipande kinachotoka kisiwani Ukerewe kikisubiri usafiri katika kichupa chenye fomalini kidogo au iliyochakaa, vipokezi hupotea, jibu husomeka hasi, na mwanamke huandikwa hasi-tatu kwa kosa la njiani. Zaidi ya hayo, wagonjwa wetu wengi ni vijana kuliko wa Ulaya, na hasi-tatu huwapata zaidi wanawake vijana popote duniani, kwa hiyo kulinganisha asilimia bila kuangalia umri ni kupotosha.

Kinga yangu, mimi nisomaye vipande hivi kwa darubini, ni kutafuta vijifereji vya kawaida vya titi kwenye slaidi ile ile: baadhi ya seli zake lazima zishike rangi inayoonyesha vipokezi, na zisiposhika, kilichoshindwa ni kipimo. Tatizo, ambalo vitabu hulipita haraka, ni slaidi isiyo na kitu ila uvimbe. Hapo jibu hasi siliamini kikamilifu, hata likiwa na saini yangu, na huomba kipande kingine kabla mama huyo hajanyimwa vidonge.