Kuti kavu, benchi na kiti moto: misimu ya kukaa

Kazi yangu ni kukusanya misimu, hizi simo za mtaani, na kuna fungu moja nikilifungua huwa nacheka peke yangu, fungu la kukaa. Maana humo karibu hakuna mtu anayekaa akapumzika, kila aliyekaa ana kesi.

Anza na kukalia kuti kavu. Kocha akipigwa mechi tatu mfululizo, kichwa cha habari cha kesho yake unakijua kabla hujanunua gazeti. Utamu wa msemo huu anaujua mkwezi: kule juu ya mnazi kuti bichi limeshika shina, likishakauka linaning'inia tu, ukilipa uzito wako linachomoka na wewe humo humo. Kwa hiyo kocha hajafukuzwa, yuko kileleni anapigwa upepo safi kabisa, shida ni alichokalia. Na wachezaji wake wasicheke sana, wao wana kusugua benchi, ambako kukaa kwenyewe ndo adhabu.

Halafu tazama hiki kitenzi. Mtu "amekaa", sawa, amekaa. Ila ukisikia "amekalia", uliza haraka amekalia nini, kwa sababu hapo chini yake kuna mtu au kuna mali ya mtu. Amekalia hela za watu mwezi wa pili huu hapokei simu. Bosi kamkalia kooni. Nyie mnakalia umbea tu kazi haziendi. Makalio kwenye misimu yana nguvu kuliko ngumi.

Kiti moto nayo ina vituko vyake. Kiongozi akibanwa maswali wanasema kawekwa kiti moto, lakini Tanzania kitimoto ni nyama ya nguruwe, kwa hiyo ukisema "jana walimuweka kitimoto" mwenye njaa anaelewa kivingine kabisa.

Usafiri nao haujabaki nyuma. Wakati wa korona 2020 abiria wa daladala Dar waliambiwa hakuna kusimama, wakaipa jina level siti, na kwenye bodaboda watatu wakipandana nyuma ya dereva huo ni mshikaki, mmechomekwa kwenye kijiti kimoja.

Mikao sasa. Kaa mkao wa kula ni jiandae kuna jambo tamu linakuja, namuona mtu kashanawa, kakunja miguu, macho mlangoni sinia lije. Mkao wa hasara sielezi hapa, kamuulize mama yako, atakueleza huku anakuvuta nguo. Kaa chonjo, na Wakenya na kaa rada yao, hizo ndo zinanimaliza, unaambiwa kaa kumbe unatakiwa uwe tayari kukimbia!

Na yule asiyetulia kwenye kiti ana yake: tulia kama unanyolewa. Haina haja ya maelezo, aliyewahi kuwekewa wembe karibu na sikio anajua kukaa kunakaliwaje.