Chevrolet 350: usiiue kamshafti siku ya kuiwasha

V8 ndogo ya Chevrolet ilitoka mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi za ujazo 265. Ile ya 350, yaani lita 5.7, ilianzia kwenye Camaro ya mwaka 1967, na ndiyo utakayoikuta kwenye magari mengi ya zamani ya Kimarekani yanayofufuliwa leo. Bloku yake ni ya chuma kigumu, spea zinatengenezwa mpaka sasa, na fundi makini anaweza kuifungua na kuifunga bila mitambo ya ajabu. Inauma basi kuona injini iliyochongwa silinda vizuri, ikatiwa pistoni na beringi mpya, inakufa kabla haijatoka gereji. Mara nyingi kinachokwisha ni kamshafti, yaani shafti yenye nundu inayofungua valvu, na huisha ndani ya nusu saa ya kwanza.

Kamshafti ya asili ya 350 husukuma tapeti za uso bapa, vile vyuma vinavyopokea msukumo wa nundu na kuupeleka kwenye valvu. Kwa kweli uso huo si bapa kabisa: umevimba kidogo sana katikati, na nundu ya kamshafti imesagwa kwa mshazari mdogo. Kwa hiyo nundu inapoinyanyua tapeti, huizungusha pia. Tapeti inayozunguka hudumu miaka. Isiyozunguka husuguliwa mahali pamoja, uso unakuwa na shimo, nundu inapungua, na unga wa chuma unaingia kwenye oili na kwenda moja kwa moja kwenye beringi ulizonunua jana.

Kamshafti mpya inataka tapeti mpya zote 16, hakuna njia ya mkato hapo. Ukirudisha kamshafti ya zamani, kila tapeti irudi kwenye tundu lake lile lile, kwa hiyo ziandike namba unapozitoa. Kabla ya kufunga, paka oili kila tapeti na uitumbukize tundu lake: ishuke yenyewe na izunguke kwa vidole viwili. Ikikwama, safisha tundu mpaka ikubali. Nundu na nyuso za tapeti zipakwe grisi nzito ya molibdenamu inayokuja na kamshafti. Ubavuni mwa tapeti oili ya kawaida inatosha, maana grisi nzito pale huizuia kuzunguka.

Oili yenyewe usiichukulie kimazoea. Tangu kiwango cha oili cha Kimarekani kiitwacho API SM kilipoingia mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zimewekewa ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08 ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi kwenye magari mapya. Zinki na fosforasi ndizo zinazolinda nundu hizi. Nunua oili ya kulainishia injini mpya, yaani ya kuizoesha katika ile nusu saa ya kwanza, iliyoandikwa kwamba ni ya tapeti bapa. Kama valvu zina springi mbili mbili, toa za ndani kwa muda huo wa kuizoesha injini tu, kisha uzirudishe.

Sasa kupandisha oili. Pampu ya oili ya 350 huzungushwa na distribyuta (kigawa cheche) kupitia kijiti kirefu, kwa hiyo distribyuta ikiwa nje unaweza kuizungusha pampu kwa drili. Chuma kitupu hakifai. Mwili wa distribyuta huziba njia ya oili kwenye bloku. Ukiacha pale wazi, oili inamwagika ndani na tapeti za upande mmoja zinabaki kavu. Tumia kifaa maalumu au distribyuta ya zamani iliyotolewa gia. Zungusha kulia. Drili itakuwa nyepesi mwanzoni, kisha itakuwa nzito ghafla: hapo presha imepanda. Endelea, huku mwenzako akigeuza krenki, shafti kuu ya injini, robo mzunguko kila baada ya muda, mpaka oili itoke kwenye roka zote 16, zile nyundo zinazobonyeza valvu. Kijiti hicho kama kina kola ya plastiki, weka chenye kola ya chuma. Na gia ya kamshafti yenye meno ya nailoni itupe, weka seti ya chuma tupu: nailoni ikizeeka hukatika, na vipande huziba mdomo wa pampu ndani ya sampu (bakuli la oili).

Valvu zirekebishwe kabla ya kuwasha. Geuza injini mpaka valvu ya ekzosi ya silinda unayoishughulikia ianze kufunguka, hapo rekebisha ya kuingiza. Endelea kugeuza mpaka ya kuingiza ifunguke yote na ikaribie kufunga, hapo rekebisha ya ekzosi. Kaza nati ya roka huku ukiipandisha na kuishusha pushirodi, kijiti kati ya tapeti na roka, kwa vidole. Mchezo ukiisha tu, ongeza nusu mzunguko. Vitabu vingi huruhusu mzunguko mzima, lakini mimi naona nusu inatosha.

Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche. Leta silinda namba 1 juu ikiwa kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zimefunga, alama ya puli ya krenki ikiwa nyuzi 10 kabla ya kilele (pistoni ikiwa juu kabisa). Shusha distribyuta, rota ielekee waya wa namba 1, halafu panga nyaya kulia kwa mfuatano 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda witiri ziko upande wa kushoto ukiwa umekaa garini (upande wa dereva kwenye gari la Kimarekani), shufwa upande wa kulia. Jaza maji, na jaza bakuli la kabureta petroli kwa mkono.

Haya yote ni kwa sababu moja: injini iwake mara ya kwanza unapogusa swichi. Nundu za kamshafti hupata oili yake kwa kurushiwa na krenki, na krenki inayozungushwa na stata hairushi kitu cha maana. Kila dakika ya kuhangaika na stata inafuta ile grisi. Ikiwaka, peleka mara moja mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, ukiibadilisha badilisha kwa dakika 20 hadi 30. Usiiache sailensa (ikinguruma chini bila kukanyagwa mafuta) hata kidogo. Joto likipanda au presha ya oili ikishuka, zima, tengeneza, uwashe tena na kumalizia dakika zilizobaki. Baadaye mwaga oili, badilisha filta, na ile ya zamani ikate uipitishie sumaku. Unga mwepesi wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si kawaida.

Baada ya hapo, kila dalili ina mahali pake. Ikipiga pafu pafu kwenye kabureta kwa mpigo ulio sawa na taimingi ni sahihi, shuku nundu ya ekzosi iliyokwisha: moshi hauna pa kutokea, unarudi valvu ya kuingiza inapofunguka. Pima kila roka inanyanyuka kiasi gani kwa geji ya saa. Iliyo fupi itajionyesha. Ikikosa chini ya mzigo, angalia nyaya za 5 na 7. Silinda hizi ziko jirani na huchoma zikifuatana, na nyaya zake zikilala pamoja kwa urefu, cheche ya 5 huamsha ya 7 mapema. Zitenganishe.

Alama ya taimingi nayo hudanganya. Puli ya krenki ina mpira katikati, na mpira ukizeeka pete ya nje huteleza. Hakikisha kilele halisi kwa bolti ya kuzuia pistoni kwenye tundu la plagi: geuza kwa mkono mpaka igonge, weka alama, rudi upande wa pili mpaka igonge tena, kilele kiko katikati ya alama hizo mbili. Ndipo uweke taimingi ya jumla, nyuzi 34 hadi 36 bomba la vakyumu likiwa limechomolewa.

Kuhusu hedi, bolti zake nyingi hupenya hadi kwenye njia ya maji. Bila gundi ya kuziba nyuzi za bolti, maji hupanda taratibu mpaka kwenye oili, na watu hulaumu gasketi isiyo na kosa. Bolti 17 kila upande, kaza kuanzia katikati kwa hatua tatu mpaka futi-pauni 65.

Mwisho ni moshi wa bluu usioelezeka. Ringi mpya, sili za valvu mpya, mgandamizo mzuri, na bado inakula oili. Angalia gasketi ya manifoldi ya kuingizia kwa chini. Hedi iliyosagwa hubadilisha pembe, na ukingo wa chini haukai. Injini inanyonya oili kutoka bonde la tapeti, na nje hakuna dalili yoyote. Chomoa valvu ya hewa ya PCV (inayonyonya mvuke wa ndani ya injini), ziba matundu yote ya vifuniko vya valvu, weka kidole kwenye bomba la dipstiki injini ikiwa sailensa. Kikisukumwa, ni sawa. Kikinyonywa, fungua manifoldi.