Kikapu cha mbio kwenye uwanja usio na saa ya sekunde 24

Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hiyo ni NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, watu wazima wanaolipwa. Pistons waliona hawana wa kumzuia George Mikan, yule mrefu wa Lakers, wakaamua kuukumbatia mpira na kupigiana pasi za mbali na goli mpaka watazamaji wakachoka. Mwaka 1954 NBA ikaleta saa ya sekunde 24, timu irushe kabla hazijaisha, ili mambo yale yasirudi. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ikafuata mwaka 1956 kwa sekunde 30, na mwaka 2000 ikateremka hadi 24.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu viwanja vingi vya shule tunavyochezea hapa Tanga bado viko mwaka 1950. Mezani pa waamuzi kuna karatasi ya pointi, kalamu na simu ya mtu inayotumika kama saa. Ya sekunde 24 hakuna. Timu inayotaka kuulaza mchezo ina ruhusa ya kuulaza, wala hakuna refa wa kuiambia kitu. Walimu wenzangu wanaoniuliza namna ya kufundisha kikapu cha kasi huanza na ushambuliaji: mipango, michoro, nani akimbilie wapi. Mimi huwarudisha nyuma. Penye saa, kasi unaweza kuianzisha ukiwa na mpira. Pasipo saa, kasi unaipata ukiwa huna mpira, kwa kumlazimisha aliyenao aamue kabla hajawa tayari.

Tupige hesabu kidogo. Mechi ya dakika 40 ina sekunde 2,400. Kila timu ikitumia sekunde 20 kwa shambulizi moja, kila upande unapata mashambulizi 60. Sisi tukitumia sekunde 10 na wapinzani wakabaki na 20 zao, tunapata 80 kila upande. Lakini tukiwabana nao wakajikuta wanarusha baada ya sekunde 14, yanakuwa 100. Nyongeza hiyo ya pili hatukuipata kwa kukimbia tukiwa na mpira. Tumeipata kwa kukaba.

Kwa nini mtu ayatake mashambulizi 100? Si kwa sababu ni tamu kutazama, ingawa ni tamu. Mashambulizi yakiwa mengi, bahati inapungua nguvu na kikosi kipana kinaonekana. Timu yenye mrefu mmoja na wasaidizi wanne hupenda mchezo mfupi, maana yule mrefu anatosha. Na tangu Mtanzania Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili kwenye drafti ya NBA, timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009, kila mwalimu wa michezo nchini anamtafuta mrefu wake. Mimi sijabahatika, na shule nyingi hazijabahatika. Tulichonacho ni vijana kumi wa kimo cha kawaida wenye mapafu mazuri. Mchezo wa mbio unawageuza hao kumi kuwa mali. Ila kama vijana wako wanaojua kucheza ni watano tu, usiendelee na mambo haya. Laza mchezo, hutakuwa umevunja sheria.

Sasa ukabaji wenyewe, tunaouita presi. Tunakaba uwanja mzima, mtu kwa mtu, mara tu tukifunga. Anayekaba mwenye mpira ana kazi moja: kumsukuma aelekee pembeni, asipite katikati. Mstari wa pembeni ni mlinzi asiyechoka wala kupata faulo. Mwenye mpira akigeuza mgongo ili aukinge, hapo hapo mwenzetu wa karibu anaondoka kwa mtu wake na kumfungia njia. Wawili wanasimama magoti yamegusana, mikono juu. Juu, sio mbele. Mkono unaochomoa ndio unaoleta faulo, na mchezaji anatolewa akifikisha ya tano, na faulo za timu zikifika tano kwenye robo moja wapinzani wanaanza kupewa mitupo huru miwili. Waliobaki watatu hawamwangalii mtu, wanayaangalia macho ya aliyebanwa. Pasi ndefu ya juu inayotoka kwa mtu aliyebanwa huelea, na mpira unaoelea hauna mwenyewe.

Wengi hudhani lengo la presi ni kupora. Kupora ni zawadi. Lengo ni sekunde nane. Timu lazima ivuke nusu ya uwanja ndani ya sekunde nane, na refa anazihesabu kwa mkono hata pasipo saa. Hiyo ni saa iliyobaki kwenye viwanja vyetu, basi itumie. Mchezaji wa shule anayevuka mstari sekunde ya saba, anahema, akaona mbele yake yuko mlinzi mmoja tu kwa sababu wenzetu wanne bado wako nyuma, hatasimama kupanga mchezo. Atakimbilia goli na kurusha. Mwache arushe. Afadhali mtupo wa haraka wa kijana anayehema kuliko dakika nzima ya pasi za kunilaza usingizi. Mlinzi wetu wa mwisho hafundishwi kuzuia mtupo, anafundishwa kuchukua ribaundi, mpira unaorudi mtupo ukikosa.

Na hapa ndipo ushambuliaji unapoanza, kwenye ribaundi au kwenye nyavu. Kitu kimoja kwenye kanuni za FIBA hakitumiwi ipasavyo: kikapu kikiingia, saa ya mchezo haisimami, isipokuwa dakika mbili za mwisho za robo ya nne. Timu iliyofungwa ikisikitika, ikilaumiana, ikiutazama mpira unavyodunda chini ya goli, muda wa mechi unakwenda. Sisi mtu wetu wa namba 5, anayecheza chini ya goli, hana ruhusa ya kusikitika. Anaukamata mpira ukitoka wavuni, kabla haujadunda mara ya pili, anatoka nje ya mstari na kurusha kwa namba 1, mpangaji wetu, ambaye tayari yuko upande wa kulia, kifua kimeelekea mbele. Konda wa daladala ya Raskazone hasubiri abiria akae. Mguu wa pili ukigusa ngazi tu, bodi imeshagongwa na gari limeondoka. Nataka hivyo hivyo.

Wanaobaki wana njia zao, na njia hazibadiliki. Namba 2 pembeni kulia, namba 3 pembeni kushoto, wote wakimbie karibu na mstari kiasi cha kuweza kuugusa. Namba 4 anakimbia katikati moja kwa moja mpaka chini ya goli. Namba 5 akishatoa pasi anafuata nyuma, na mara nyingi ndiye anayeokota kilichobaki. Ugumu ni hapo pembeni. Kijana yeyote duniani akikimbia anavutwa na mpira, anaingia katikati, na ghafla watu watano wamesongamana kama mpira wa chandimu. Ukiwa na dakika ishirini tu za mazoezi kwa siku, zitumie zote kwa hilo: kukimbia kwa upana. Walinzi wawili wanaorudi hawawezi kuufunika upana wa mita 15 na goli kwa pamoja.

Mpira husafiri kwa pasi. Uwanja wa saruji wenye nyufa na mchanga hauaminiki kwa kudunda. Ukifika kwenye ufa unaruka kando, na mpira uliolika kwa saruji, ukichanganya na jasho na unyevu wa pwani, unateleza kama samaki. Namba 1 wangu anaruhusiwa kudunda mara tatu kabla ya kuvuka nusu. Ya nne, wa benchini wanapiga kelele.

Kuhusu mtupo gani tunautaka, nitasema jambo ambalo mashabiki wa NBA hawatalipenda. Kocha Paul Westhead na chuo chake cha Loyola Marymount msimu wa 1989-90 walipata wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, rekodi ya vyuo vya daraja la kwanza Marekani. Chuo kidogo cha Grinnell, kilichoko Iowa, kinabadilisha watu watano kwa mpigo na kurusha za pointi tatu kama mvua. Mwaka 2012 mchezaji wao Jack Taylor alifunga pointi 138 kwenye mechi moja. Vijana wanaziona video hizo kwenye simu, kisha wanakuja jioni wanataka kurusha kutoka mita 6.75. Mimi nawapeleka wakasimame kwenye mstari huo saa kumi jioni, upepo wa bahari umeamka, warushe. Hawahitaji hotuba. Nyumba zile za michezo za Marekani zina paa. Uwanja wetu paa lake ni mbingu. Kwa hiyo sisi mpango wa kwanza ni layapu, yaani mtupo wa karibu unaopigwa ukikimbilia goli, wa pili ni layapu ya mwenzako, wa tatu ni kugongwa ukienda layapu, upewe mitupo huru. Pointi tatu ni ya yule mmoja au wawili niliowaruhusu, na wanajijua.

Mitupo huru naipenda kuliko walimu wengi. Saa imesimama, vijana wanavuta pumzi, tunaingiza watu wapya, na mtupo wa mwisho ukiingia presi yetu imeshapangwa kabla wapinzani hawajaugusa mpira. Kila zoezi linaisha na mitupo miwili kwa kila mmoja akiwa bado anahema, kwa sababu ndivyo atakavyoipiga kwenye mechi. Kuipiga ukiwa umepumzika ni mchezo mwingine kabisa.

Kubadilisha wachezaji ndiko kunakowashinda wanaoiga Grinnell bila kusoma kanuni. Huwezi kuingiza mtu mpira ukiwa unachezwa. Kikapu cha kawaida kikiingia pia hakikupi nafasi hiyo, mpaka zile dakika mbili za mwisho, na hapo ni kwa timu iliyofungwa. Mchezo ukikolea unaweza kwenda muda mrefu bila filimbi, na kikosi chako cha kwanza kinazimika uwanjani huku cha pili kimekaa mezani kinasubiri. Nina ishara moja: nikinyanyua taulo, mlinzi wa karibu na mpira anaupiga utoke nje badala ya kujaribu kuupora. Wapinzani wanaendelea na mpira, sawa, lakini filimbi imelia na watano wabichi wanaingia. Nabadilisha wote watano pamoja nikiweza. Kijana akijua atakimbia dakika mbili au tatu kisha apumzike, anakimbia kweli. Akidhani atabaki mpaka mwisho wa robo, anajibania pumzi, na presi ya mtu anayejibania pumzi ni matembezi.

Mazoezi tunayafanya saa kumi hadi giza linapoingia. Zoezi letu kubwa ni la watatu kwa wawili: watatu wanashambulia walinzi wawili, mpira ukiingia au ukiporwa, wale wawili wanageuka kushambulia upande wa pili dhidi ya mmoja aliyerudi, na wengine wanaingia kutoka pembeni bila kusimama. Hakuna foleni ya kusubiri kama ya bomba la maji. Wa pembeni wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ikifika kumi bila mtupo mpira ni wa wapinzani. Hiyo ndiyo saa yetu, ya midomo, na ina faida ambayo ile ya umeme haina: anayehesabu naye anajifunza kasi.

Joto la hapa si la kuchezea, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Maji kila mapumziko, kivuli kwa walio benchini, machungwa ya Muheza wakati wa nusu. Kijana akianza kuyumba au kujibu ovyo anatoka, anawekwa kivulini, anamwagiwa maji, na hata akiniambia "Ticha, mimi mzima kabisa," harudi siku hiyo. Ramadhani sibishani na mtu. Nusu ya kikosi wamefunga, kwa hiyo presi inalala. Tunaanza karibu na magharibi, tunatembea njia zetu polepole, tunapiga pasi na mitupo huru, kisha kila mtu anakwenda kufuturu. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huja katikati ya mwaka, kusi inavuma na jioni zinavumilika, na miguu inarudi mapema kuliko wanavyodhani.

Wasichana nawafundisha mchezo ule ule, na mara nyingi wanaushika upesi zaidi kwa sababu hawaji na mazoea ya kudunda peke yao. Tatizo ni jingine. Kwenye ngazi ya wilaya unaweza kukutana na timu iliyokusanywa wiki iliyopita, mabinti ambao hawajawahi kubanwa na watu wawili, na presi ikawaondolea kabisa nafasi ya kuvuka nusu. Tukifika tofauti ya pointi 20 naitoa presi, tunarudi kukaba nyuma ya nusu ya uwanja, na mbio zinabaki kwa ribaundi tu. Kuna mwalimu aliwahi kuniambia, "Mwalimu, unawalea vibaya, wataizoea huruma." Huruma haimo humo. Timu isiyovuka nusu hainifundishii ulinzi wangu wa nyuma, na huko mkoani nitauhitaji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la dakika mbili za mwisho tukiwa tunaongoza kidogo. Sasa saa inasimama kila kikapu kinapoingia, na kwa kuwa hakuna sekunde 24, wengi huniambia nishike mpira. Mimi naendelea na presi, na njia za pembeni zinaendelea kukimbiwa, kwa sababu walinzi wao wakilazimika kurudi hawawezi kutubana mbele. Kinachobadilika ni mtupo: layapu isiyo na mlinzi, au mpira unarudi kwa namba 1 na tunaanza upya. Na taulo langu linakaa mkononi muda wote huo, maana wale watano wabichi nimewaweka akiba tangu mwanzo wa robo.