Ini la bata hufikaje nusu kilo kwa wiki mbili?

Kwa kawaida ini la bata mwenye afya halifiki gramu 100. Lile linaloandaliwa mezani kwa jina la foie gras, yaani "ini nono" kwa Kifaransa, huwa na gramu 500 hadi 700. Umoja wa Ulaya haulitambui ini la bata kwa jina hilo likiwa chini ya gramu 300. Ndege anayejilia mwenyewe ni nadra afike huko, ndiyo maana hulishwa kwa nguvu.

Bata huanza kulishwa hivyo akiwa na umri wa wiki 12 hivi. Mara mbili kwa siku, kwa takriban wiki mbili, mrija wa sentimita 20 hadi 30 hupitishwa mdomoni hadi ndani ya umio, kisha pampu husukuma uji mzito wa mahindi kwa sekunde 2 au 3. Kiasi huongezwa kidogo kidogo, na mwishoni bata hupokea karibu kilo moja ya mahindi kwa siku.

Kwa nini mahindi? Kwa ndege, mafuta ya mwili hutengenezwa zaidi kwenye ini, kisha husafirishwa na damu kwenda kuhifadhiwa kwingine. Mahindi yamejaa wanga, malighafi ya mafuta, lakini yana upungufu wa methionini na kolini, virutubisho ambavyo ini huvihitaji ili kuyatoa mafuta hayo. Basi yanatengenezwa kwa kasi, hayatoki. Yanabaki palepale, seli zinavimba.

Watetezi husema ndege wa majini hujinenepesha wenyewe kabla ya kuhama. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bata anayetumika zaidi ni mulard, chotara wa aina mbili za bata, dume la Muscovy na jike la Pekin, na Muscovy si ndege wa kuhamahama. Tena mlishaji akiacha, bata hugoma kula kwa siku kadhaa. Mwenye njaa ya safari hafanyi hivyo.

Matatizo huanzia kwenye mrija, unaoweza kuchubua umio ukiingizwa kwa haraka au ndege akipapatika. Kubwa zaidi ni nafasi. Ndege hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo ini likikua hubana vifuko vya hewa. Bata huhema mdomo wazi, na miguu hulazimika kutanuka, hivyo hutembea kwa shida. Ripoti ya kamati ya wanasayansi wa Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998 ilitaja vifo vya asilimia 2 hadi 4 katika wiki hizo mbili, dhidi ya 0.2 kwa bata wa umri huohuo wasiolishwa hivyo. Hesabu hiyo haiwagusi vifaranga wa kike, ambao wengi huuawa wakishaanguliwa tu, kwa sababu ini lao huwa dogo na lenye mishipa mingi.

Mahakama Kuu ya Israeli iliamua mwaka 2003 kwamba ulishaji huo ukomeshwe, na India ikazuia kuingizwa kwa foie gras mwaka 2014. Ufaransa ilielekea upande mwingine: sheria ya mwaka 2006 inaitambua kuwa urithi wa kitamaduni na wa mapishi unaolindwa.

Hoja nyingine ya watetezi ni kwamba ini hurudi hali yake ulishaji ukisimama. Ni kweli, hurudi baada ya wiki kadhaa. Ila bata wa foie gras huchinjwa saa chache tu baada ya mlo wa mwisho.